Besi ya Kupiga na Besi ya Kuunguruma

Leo minaandika juu ya besi: ile sauti ya chini inayotoka mu mashine bila mutu kugusa uzi wa gitaa, na ambayo siku hizi njo inabeba muziki wa dansi kutoka Johannesburg mpaka Dar es Salaam, na mpaka huku kwetu Likasi. Neno langu ni moja, nalisema sasa ili mwenye haraka asipoteze megabaiti zake bure. Besi nzito inahitaji mwanzo, mwili wa katikati na mwisho. Nyimbo nyingi za amapiano ya kuiga tunazozisikia huku zimekamata kina na kuacha pigo. Zinaunguruma, hazipigi.

Bamoja watasema: wewe mutu wa kilimo, unatafuta nini mu mambo ya studio? Nitajibu kwa kilimo kilekile, mbele kiloko. Kwanza tuone sauti yenyewe inatoka wapi.

Sauti ambayo kila kijana anaijua kwa jina la log drum, yaani ngoma ya gogo, ilitoka mu FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Ndani yake muko chombo kimoja kidogo kinaitwa FruityDX10, na mu chombo hicho mulikuwa sauti iliyotengenezwa tayari yenye jina hilo. Ilikuwa sauti ya kando tu, ya kuigiza ngoma ya mbao. Vijana wa Afrika Kusini baliikamata, bakaishusha chini, bakaifanya iimbe. Batu wengi banamtaja MDU aka TRP kama njo mwenye kufungua hiyo njia. Kisha Kabza De Small na DJ Maphorisa, na albamu yao Scorpion Kings ya 2019, bakaifikisha mbali. Mu 2021 Marioo wa Tanzania akatoa Mama Amina pamoja na Sho Madjozi na Bontle Smith, na kutoka hapo hakuna tena aliyeshangaa kusikia Kiswahili juu ya amapiano.

Sasa tuulize swali ambalo baigaji habaulizaki: hii sauti ilishinda juu ya nini? Zipo besi za chini kuliko hiyo, na zilikuwepo miaka mingi mbele yake. Jibu liko mu namna inavyotengenezwa. FruityDX10 inatumia njia ambayo John Chowning aliigundua mu 1967 pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, na ambayo Yamaha iliiweka mu sintesaiza yake DX7 ya mwaka 1983. Mu njia hiyo, wimbi moja linatikisa wimbi lingine. Likilitikisa kwa nguvu, sauti inakuwa kali, na unasikia mbao au chuma ndani yake. Likilitikisa kiloko, sauti inabaki laini na ya mviringo.

Siri ya log drum ni kwamba ile nguvu ya kutikisa inaanza kubwa, halafu inazimika haraka sana. Sikio linapata kwanza "to!" ya mbao, kisha "duu" ya chini. Ngoma inakuja mbele, besi inakuja nyuma yake. Ile "to" njo inaambia mwili: pigo limefika, hapa. Ile "duu" inakuja kuweka uzito. Ukitosha "to", uzito unabaki bila kujua saa ya kuanguka.

Na nakala zetu zinafanyaka nini? Minazisikia mu nganda, mu taksibisi, mu ndoa, mu telefone za bandugu. Sitaji jina la mutu, maana kosa ni la wengi na liko la aina moja. Mutengenezaji anafungua ile sauti, anaona iko na ukali kiloko mbele, anadhani ukali huo unaharibu kina. Anaweka filta, anakata yote ya juu. Kisha anashusha noti mpaka chini kabisa, kule kwenye 30 au 35 Hz. Kisha anaiacha noti iendelee mpaka noti ingine inaikuta bado inalia. Halafu, kwa kuwa mu bafle zake ndogo za studio hasikii tena kitu cha maana, anaongeza sauti. Anaongeza tena. Mwisho wa safari, wimbo uko na besi inayokula nafasi yote na haisikiki.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina mapendeleo. Amapiano inatembea karibu na mapigo 112 kwa dakika. Pigo moja ni kama milisekunde 536, na robo ya pigo, pale noti fupi za log drum zinapochezea, ni milisekunde 134. Sauti ya 50 Hz inatikisika mara moja kila milisekunde 20. Kwa hiyo mu robo ya pigo inapata nafasi ya kutikisika karibu mara 7. Sikio linatosheka: linajua ni noti gani. Sasa shusha mpaka 30 Hz. Mutikiso mumoja unakamata milisekunde 33. Mu nafasi ileile unapata mitikiso 4 tu. Noti inakufa mbele ya kujulikana. Kama hapo hapo umekata mwanzo wake mukali, umebaki na nini? Upepo.

Jambo la pili ni sikio lenyewe. Tangu 1933 Fletcher na Munson balionyesha kwamba sikio la mutu halisikii sauti zote sawa. Sauti ya chini inahitaji nguvu mingi zaidi ili ionekane sawa na sauti ya katikati. Na bafle nayo iko na deni lake: ukishusha noti kwa okitavu moja na unataka ukubwa uleule wa sauti, ngozi ya bafle inapaswa kwenda mbele na nyuma mara 4 zaidi. Ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Ili mutu aseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili", unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Yule anayesema "ongeza tu" hajui anaomba nini kwa bafle, wala kwa umeme.

Umeme. Hapo njo tufike Mwadingusha, maana kwa muziki wa mashine hakuna mahali pengine karibu na Likasi panapofundisha vizuri kuliko pale. Bote tunajua bwawa la mto Lufira na ziwa lake, Tshangalele. Kiwanda cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi mu 1930, wakati wa ukoloni, kwa ajili ya shaba. Miaka hii mitambo yake 6 ilitengenezwa upya, kazi ikamalizika mu 2021, SNEL pamoja na kampuni za mugodi wa Kamoa-Kakula, na nguvu yake ikafika kama megawati 78. Umeme wake, sawa umeme wote wa inchi yetu, unatikisika mara 50 kwa sekunde. 50 Hz.

Mwenye kupiga muziki, angalia hiyo namba vizuri. Noti ya sol ya chini kabisa mu kinubi cha besi, ile ya kwanza, iko na 49 Hz. Na transfoma inapounguruma, haiungurumi kwa 50. Chuma chake kinajivuta na kujiachia mara mbili mu kila mutikiso wa umeme, kwa hiyo unasikia 100 Hz, karibu sana na sol ya okitavu inayofuata, yenye 98. Ukisimama chini ya transfoma yoyote ya kwetu, unasikiliza sol isiyo na mwanzo na isiyo na mwisho. Iko chini, iko na nguvu ya mto mzima nyuma yake. Na hakuna mutu hata mumoja aliyewahi kuicheza.

Hiyo njo tofauti ninayoitaka. Transfoma inaunguruma. Besi inapaswa kupiga. Sauti ya chini isiyoanza na isiyoisha, sikio linaiweka upande wa kelele za dunia, pamoja na friji na kaminyo. Wimbo wenye besi kama hiyo unajipeleka wenyewe mu kundi la friji.

Iko tena na hatari ya kazi. Waya mubaya, au kukosa waya ya kwenda mu bulongo, kunaingiza ule mungurumo wa 50 na 100 mu bafle. Kama wimbo wako uko mu sol na besi yako ni ndefu, laini, bila pigo, mungurumo na besi vinachanganyika, vinapandishana na kushushana, na hakuna anayejua kosa liko wapi. Wimbo wenye besi fupi, kati ya noti na noti unasikia kimya. Kama kimya hicho kinalia, unajua mara moja: ni waya. Unatengeneza waya.

Na sasa tuseme ukweli juu ya wasikilizaji wetu. Banasikiliza na nini? Wimbo wa kijana wa Likasi hauanzii mu klabu yenye bafle za mita mbili. Unaanzia mu WhatsApp, unatumwa kwa telefone, unasikilizwa mu telefone ileile, mu kiganja. Ile spika ya telefone ni ndogo sawa ukucha, na chini ya mia chache za Hz haiko na nguvu tena. 50 Hz haiwezi kuitoa hata ukiiomba kwa sala. Kisha wimbo unaingia mu kadi ya kumbukumbu, mu kaspika ka mezani, mu taksibisi. Mwisho, kama una bahati, unafika mu ndoa ama mu kilio, pale kijana mukodishaji amebeba bafle mbili na grupe ya esanse. Grupe ikilemewa, umeme unashuka, amplifaya inakosa pumzi, na pigo la chini ndilo linalovunjika kwanza, maana njo linakula mingi.

Kwa hiyo besi yenye kina kitupu inakutana na mlango uliofungwa karibu kila mahali inapopita. Mu telefone haipo. Mu ndoa inavunja bafle ya kijana wa kukodisha, na hasara ni yake yeye, hajakula hata faida ya siku. Hapa njo jambo linakuwa kubwa kuliko ladha. Kijana anayetengeneza biti anatafuta kuishi nazo. Wimbo usiosikika mu telefone hautumwi mara ya pili.

Lakini sikio liko na wema mumoja, na wema huo njo wokovu wetu. Ukisikia 100, 150, 200, 250 Hz kwa pamoja, hata kama 50 yenyewe haipo, akili inaijenga. Inasema: hizi zote ni batoto wa 50, basi mama yuko hapa. Mutengenezaji anayejua hilo anaipa besi yake batoto: anaichafua kiloko, anaikwaruza, ili juu ya noti ya chini zizaliwe sauti za mara mbili, mara tatu, mara tano. Telefone inashindwa kumutoa mama, lakini inabatoa batoto, na msikilizaji anatikisa kichwa.

Na hii haitoki kwa wazungu wa studio tu. Konono No 1 ya Kinshasa ilifanya hivyo mbele ya sisi kuzaliwa. Mingiedi Mawangu aliunganisha likembe na umeme kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani, akazitoa mu spika za tarumbeta, zile za kutangazia. Tarumbeta kama hizo, kwa umbo lake, hazina sauti ya chini ya maana. Pamoja na hayo, sikiliza Congotronics ya 2004: likembe ya besi inapiga kifua. Inapiga namna gani? Kwa kukwaruzika. Ule uchafu wa mitambo yao njo ulizaa batoto wa sauti ya chini, na kidole gumba juu ya ulimi wa chuma kilitoa mwanzo mukali. Walifika pale kwa ukosefu wa vyombo, kisha walipoona ni vizuri, balishikamana nayo. Hiyo ni akili, bandugu. Kosa likikufaa unalifanya kuwa desturi.

Rudi tena nyuma, na rudi karibu zaidi. Jean-Bosco Mwenda, mutoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mu 1952 mu Jadotville, yaani Likasi hii hii yetu. Wimbo wa Masanga ni gitaa moja kavu, bila umeme. Uzi wa chini wa gitaa ya kawaida unatoa 82 Hz, na kisanduku chake cha mbao hakina nguvu mingi kule chini. Pamoja na hayo unasikia watu wawili: mumoja anaimba juu na vidole, mwingine anatembea chini na gumba. Gumba la Mwenda haliongezi sauti. Linachagua saa. Linagusa, linaacha, na pale linapoacha kunakuwa na nafasi. Kwa macho yangu, au kwa masikio yangu, hiyo njo besi ya Likasi ya kwanza kabisa tuliyo nayo mu rekodi, na iko na pigo kuliko biti nyingi za 2020 na kitu zenye wati elfu moja.

Mashariki nako balipata jibu lao, tofauti. Singeli ya Dar es Salaam inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mu mwendo huo robo ya pigo ni milisekunde 75 tu. Sauti ya 50 Hz haitikisiki hata mara 4. Hakuna nafasi ya besi ndefu. Ndiyo maana mu mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda mu 2017, nguvu imewekwa katikati na juu: ngoma kavu, vinanda vinavyolia sawa nyuki, pigo fupi sana. Balipima mwendo wao, bakajua besi gani inaweza kukaa hapo. Balikataa kuiga Johannesburg, na Ulaya ikabaita kwenye matamasha. Sisi tunachezaka polepole kuliko wao, tuko na nafasi ya kina. Lakini nafasi si ya kujaza yote.

Sasa niwape kilimo niliyoahidi. Mu masomo yetu tulifundishwa sheria ya Liebig: mavuno hayafuati kile kilicho kingi mu bulongo, yanafuata kile kinachokosa. Banachora pipa lenye mbao zisizolingana. Maji yanamwagikia pale ubao mufupi. Bulongo ya Katanga, sehemu mingi, iko na asidi. Mukulima akimwaga mbolea mufuko juu ya mufuko bila chokaa, mahindi yanabaki manjano, na franka zimeenda. Mbolea haikuwa mubaya. Ubao mufupi ulikuwa kwingine.

Besi yetu iko vilevile. Kina tuko nacho kwa wingi, programu inakitoa bure. Ubao mufupi ni mwanzo wa noti, ni batoto wa katikati, ni kimya. Na ubao mufupi kuliko yote ni bafle ya msikilizaji. Mutu anayeongeza 30 Hz mu wimbo utakaosikilizwa mu telefone anamwaga mbolea mu shamba lenye asidi.

Najua kuna jibu, tena lenye nguvu. Batapinga: besi ya chini kabisa haisikilizwi, inasikiwa mu mwili, mu klabu kubwa ile 40 Hz njo inafanya batu bafunge macho, wewe unataka tutengeneze muziki wa telefone, muziki wa maskini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Sauti ya 50 Hz iko na urefu wa karibu mita 7 mu hewa, na inapokuzunguka mu nafasi kubwa yenye mitambo ya kufaa, ni furaha isiyo na jina. Sitaki tuipoteze. Lakini angalia nyimbo kubwa za Afrika Kusini zenyewe: zinafanya kazi mu klabu na zinafanya kazi mu telefone. Kwa sababu ziko na vyote. Kina kimewekwa chini, pigo limewekwa juu yake, na kila kimoja kinajua nafasi yake. Anayetosha pigo hajachagua klabu dhidi ya telefone. Hata mu klabu, besi bila mwanzo inageuka mafuriko, kiki inazama, na miguu haijui wapi pa kukanyaga.

Kwa wale wanaotaka kujaribu leo usiku, njia iko hivi, kwa programu yoyote uliyo nayo, hata ile ya bure.

Chagua noti mbele ya kuchagua sauti. Kaa kati ya fa ya 44 Hz na la ya 55 Hz kwa noti kuu. Chini ya hapo pita tu, usijenge nyumba. Tengeneza tabaka tatu. Ya kwanza ni wimbi laini kabisa, la chini, peke yake. Liweke katikati, lisiende kushoto wala kulia. Ya pili ni noti ileile okitavu moja juu, iliyokwaruzwa kiloko, na uikate chini ya 100 Hz ili isigombane na ya kwanza. Hii njo tabaka ya batoto, hii njo telefone itaisikia. Ya tatu ni pigo tupu, milisekunde 10 hivi, kavu sawa kugonga mlango kwa kidole.

Kisha chonga umbo. Noti ianze palepale, bila kupanda polepole. Sauti yake ianzie okitavu moja juu na ianguke mpaka noti yenyewe mu milisekunde 40 hivi. Huko kuanguka njo kunaleta ngumi. Iache ishuke mu milisekunde 200, kisha inyamaze. Kama unataka noti ndefu, iwe ndefu kwa sababu, mahali pamoja mu wimbo, ili batu baigundue. Kiki inapopiga, shusha besi desibeli 4 au 5 kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde, irudi. Bawili habawezi kupita mlango mumoja kwa mara moja.

Mwisho, pima. Weka filta inayokata yote chini ya 150 Hz na usikilize wimbo. Kama melodi ya besi imepotea kabisa, bado hujamaliza. Ipeleke mu telefone, mu kaspika ka mezani, kisha mu bafle kubwa ya rafiki, kwa mpangilio huo. Watu wengi wanaanzia mu bafle kubwa na kurudi nyuma. Hapo njo wanapodanganyika.

Utaona sikusema ununue kitu. Pakiti za sauti zinazouzwa kwa dola, zenye jina la "log drum za kweli", hazina kitu ambacho wimbi mbili na masikio yako haviwezi kutoa. Mingiedi alianza na sumaku ya gari. Mwenda alianza na gumba.

Ninachodai kwa batengenezaji wa kwetu ni kidogo na ni kigumu. Babakize kina, maana tumekipenda na ni haki yetu. Lakini kila noti ya besi ipewe saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kati yake iwe na nyama ambayo hata telefone ya mama sokoni inaweza kuitafuna. Siku wimbo wa Likasi utakapopigwa na mutu akajua ni wa Likasi kwa besi tu, mbele ya sauti ya mwimbaji kuingia, sitauliza ulishuka mpaka Hz ngapi.

Chukueni nyimbo tatu za kwetu mnazozipenda, mukate chini ya 150, na mulete hapa chini mlichosikia. Mwenye wimbo uliobaki umesimama, alete jina lake. Huyo tunamuhitaji.